Kinanda Kilichongojewa Miaka 16

Kinanda changu bado hakijafika. Nilikilipia miezi minne iliyopita, na kila nikiuliza naambiwa stoki imekwisha, ningoje. Kwaya nayo inaniuliza kila Jumapili. Juzi nusura nidai pesa zangu, nikakumbuka kisa cha Yamaha DX7.

Mwaka 1967, John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aligundua kwamba wimbi moja la sauti likibadilisha haraka kasi ya mtetemo wa jingine, huzaliwa sauti mpya: kengele, tarumbeta, hata ngoma. Mbinu hiyo ni FM, ndugu yake ile ya redio. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani waliikataa. Yamaha ya Japani ikaichukua miaka ya 1970, lakini hesabu zake zilihitaji chipu ambazo hazikuwepo kwa bei nafuu. Ikabidi wahandisi wazibuni wenyewe. DX7 ilitoka 1983, ikitoa noti 16 kwa wakati mmoja, na oda zikafurika.

Chowning hakukaa bure wakati huo. Kwa kompyuta ya chuo alitunga Turenas (1972) na Stria (1977).

Basi nami nimeandika programu fupi ya mawimbi mawili tu, na kengele inalia kwenye tarakilishi yangu. Oda sijaifuta. Kinanda changu pia ni cha FM. Kikifika, kitanikuta najua kinachotendeka ndani yake. Nitawajuza.