Nyumba Njema si Mlango: Habari za Kumbi za Nairobi

Msomaji kijana, ukipata kwenda Nairobi, usiridhike kutazama majumba marefu ya katikati ya mji tu. Shika njia ya mashariki, upite Gikomba, ufike Pumwani, kisha Shauri Moyo na Kaloleni. Huko utaona kumbi za zamani za mitaa, ambazo wenyeji huziita holi. Hazina fahari ya kumshangaza mgeni. Hata hivyo, mambo makubwa ya nchi yako yalitendeka ndani yake, na ukijua jinsi zilivyojengwa na jinsi zilivyotumiwa, utajua pia namna ya kuzitunza itakapofika zamu yako.

Wazee wetu walifahamu tangu zamani kwamba watu hawawi jamii bila ya mahali pa kukutania. Katika miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, nyumba zilijengwa na baraza mbele ya mlango, na hapo jirani aliketi jioni akazungumza, akasikia habari za safari, na pengine akapatanisha waliogombana. Huko bara, wazee walikutana chini ya mti. Tazama basi jinsi neno lilivyosafiri. Kiti kile cha mawe ni baraza. Mkutano wa wananchi mbele ya chifu ni baraza. Na mawaziri wa serikali wakikutana, twawaita Baraza la Mawaziri.

Nairobi haikuanza kwa baraza. Ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa muda mrefu wakubwa wake walimhesabu Mwafrika kuwa mgeni, mtu aliyekuja kufanya kazi na ambaye hana budi kurudi kwao. Mgeni wa namna hiyo hutafutiwa mahali pa kulala, basi. Harry Thuku alipowaunganisha vijana wa mji mwaka 1921, mikutano yao mikubwa ilifanywa mahali pa wazi. Alipokamatwa, watu walikusanyika barabarani mbele ya kituo cha polisi kumdai, na tarehe 16 Machi 1922 walipigwa risasi, wengi wakafa. Sisemi kwamba ukumbi ungaliwaokoa. Nasema tu kwamba watu wenye neno la kusema watalisema, wakipewa nyumba au wasipewe.

Katika miaka ile ile ya 1920, Pumwani palijengwa Ukumbi wa Ukumbusho. Ulikuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao wengi wao hawakubeba bunduki, bali walibeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa njaa na maradhi porini. Jina la mtaa wa Kariokor, usio mbali na hapo, latokana na kikosi chao cha wapagazi. Humo ukumbini watu walicheza dansi, wakajadiliana, wakafanya mikutano ya siasa.

Labda utauliza fedha za kuwafanyia Waafrika mambo ya namna hiyo zilitoka wapi. Jibu lake lafaa likumbukwe. Baraza la mji lilijitwalia peke yake haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa matumizi ya Waafrika mjini. Sehemu kubwa ya ustawi waliopewa, basi, waliilipia wenyewe, senti kwa senti. Mtu asikuambie kwamba mambo hayo yalikuwa zawadi tupu.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na mji ukajaa. Ndipo, katika miaka ya 1940, mtaa wa Kaloleni ulipojengwa, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo mateka wa vita wa Kiitalia. Wapimaji wa mji walifuata fikira iliyokuwa ikienea Uingereza na Marekani wakati huo, kwamba mtaa ni kama kijiji, nao wapasa kuwa na moyo wake. Kwa hiyo ukumbi uliwekwa katikati, penye viwanja vya majani, na njia za mtaa zikaelekezwa huko. Mtu akitoka kazini au sokoni hakuhitaji kuutafuta, aliukuta njiani. Hilo ndilo somo la kwanza la kumbi, nalo ni la mahali. Ukumbi uliotupwa pembeni, kwa kuwa kiwanja cha huko kilipatikana rahisi, huwa wa kwanza kuachwa.

Wakubwa wa mji walitumaini kwamba ukumbi ungewashughulisha watu kwa dansi, michezo na masomo ya jioni, wasiwaze mengine. Walikosea hesabu. Mnamo Machi 1950 Nairobi ilipandishwa cheo ikawa jiji. Haukupita hata mwezi mmoja, na tarehe 23 Aprili 1950, Waafrika wa chama cha KAU na Wahindi wa chama cha Congress walikutana pamoja katika Ukumbi wa Kaloleni. Hapo alisimama Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatoa pendekezo kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipate uhuru kamili. Leo neno hilo ni jepesi kinywani. Siku ile lilikuwa na bei, naye aliilipa. Mwezi wa Mei alikamatwa pamoja na mwenziwe Fred Kubai, akawekwa kizuizini hata mwaka 1961. Miaka 11 kwa maneno ya jioni moja!

Angalia tena mahali penyewe. Katika mji uliowatenga watu kwa rangi, wakikaa mitaa mbalimbali na kusoma shule mbalimbali, ukumbi ule uliwaweka Mwafrika na Mhindi chini ya paa moja kwa jambo moja. Nyumba zao zisingaliweza kufanya hivyo, wala mahali pao pa kazi.

Somo la pili ni la mtu. Ukuta hauwezi kumkaribisha mgeni. Baada ya vita, Shule ya Jeanes iliyokuwako Kabete iliwafundisha watu kazi ya ustawi wa jamii: kuendesha kituo, kufundisha watu wazima kusoma, kuunda vikundi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzia huko mwaka 1952, na vikundi vyake vilihitaji mahali pa kushonea, pa kujifunzia malezi, na pa kusemezana. Walimu wale walijua jambo ambalo wajenzi husahau, kwamba siku ya kufungua ukumbi ni siku ya kwanza ya gharama, si ya mwisho. Kila mwaka pana taa, maji, rangi, na mshahara wa mtunzaji.

Somo la tatu latupeleka Kisumu. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi wa Umoja wa Waluo, aliuawa. Jijini Nairobi mtaa ulipewa jina lake. Lakini Umoja wa Waluo haukutosheka na jina. Ulichangisha fedha kwa watu wake, ukamjengea ukumbi wa ukumbusho mjini Kisumu. Mtu aliyetoa shilingi yake huuliza habari za nyumba hiyo, hata akiwa mbali. Watumiaji wakiwa na sauti katika ukumbi, ukumbi huwa na walinzi wengi.

Masomo haya matatu yalisahauliwa mara nyingi baada ya uhuru. Miji ilikua upesi kuliko mifuko yake. Mwaka 2004 Tume ya Ndung'u ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi ardhi ya umma, iliyotengwa kwa manufaa ya wananchi wote, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Ardhi isiyotumiwa na mtu ndiyo rahisi kunyakuliwa, maana hapana atakayeuliza imekwenda wapi.

Mimi mwenyewe nimefundisha karibu na ukumbi mmoja ambao sitautaja jina. Ulikuwa imara, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa katika ofisi, upande wa pili wa mji. Aliyeutaka aliandika barua, akalipa ada, akangoja. Wanafunzi wangu walingoja wiki tatu ili wafanye mazoezi ya mchezo wa kuigiza, kisha wakakata tamaa, wakafanyia mazoezi sokoni baada ya wachuuzi kuondoka. Mwaka uliofuata wazazi walikwenda ofisini, wakaomba ufunguo ukabidhiwe kwa mama mmoja muuza mboga, jirani wa ukumbi, mwenye daftari la kuandika zamu. Wakakubaliwa. Muda si muda wanawake wa chama cha akiba wakawa na siku yao, mabondia jioni zao, na wanafunzi Jumamosi yao. Hapakuongezwa jiwe hata moja. Ufunguo tu ndio uliohama.

Sasa jambo hili lakuhusu wewe. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti zao, na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti ndizo zilizorithi kazi za mabaraza ya miji. Lakini wananchi watashirikishwa wakiwa wamekaa wapi? Kaunti isiyo na kumbi zilizo wazi itakusanya saini za watu, isikusanye mawazo yao.

Kwa hiyo, utakaporudi kwenu likizo, nenda ukautafute ukumbi wa mtaa wenu. Uliza ulijengwa lini, kwa fedha za nani, na ufunguo uko kwa nani. Ukikuta mlango umefungwa, usiondoke kimya. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliotutangulia waliingia Kaloleni, wakatoka na neno la uhuru. Sisi tuliobaki na uhuru huo hatuna udhuru wa kuuacha ukumbi ukae na kutu kwenye kufuli.