Uhandisi na kompyuta Mlimani: historia ya shahada inayosomwa kwa mikono

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi, cha kwanza nchini Tanzania. Mwaka uliofuata, serikali ileile iliyokipigania kitivo hicho ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Maamuzi hayo mawili yaliweka alama ya miaka mingi juu ya kile ambacho kijana wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, angesoma na kile ambacho angekigusa. Mwanafunzi wa uhandisi alipewa karakana, mashine na nafasi ya kwenda kiwandani. Aliyevutiwa na kompyuta alikuta chombo chenyewe ni bidhaa ya kuombewa kibali.

Ukiipitia historia ya shahada hizi mbili, jambo moja linajirudia. Kila mwanafunzi alipowekwa karibu na kazi, elimu ilistawi na nchi ikafaidika. Kila alipotengwa na kazi au na vyombo vyake, tulichelewa, na kuchelewa huko tumekulipia kwa fedha na kwa muda.

Nairobi ndiko kulikokuwa na uhandisi

Chuo chetu kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi ilikuwa inakaribia kupata uhuru na ilihitaji mawakili na mahakimu wake. Aliyetaka kuwa mhandisi alipaswa kuvuka mpaka.

Huko Nairobi, Royal Technical College ilikuwa imepokea wanafunzi wake wa kwanza Aprili 1956. Ilianzishwa kuwa chuo cha ufundi cha Afrika Mashariki nzima, ikaunganishwa na mpango wa jumuiya ya Wahindi waliotaka kujenga chuo cha kumbukumbu ya Mahatma Gandhi. Mwaka 1961 ikawa Royal College Nairobi na kuanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, uhandisi ukiwemo.

Mwaka 1963 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa vyuo vishiriki vyake na kugawana kazi: Makerere ikabaki na udaktari na kilimo, Nairobi uhandisi na udaktari wa mifugo, Dar es Salaam sheria. Mpango huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa maabara ya uhandisi ni ghali na nchi tatu changa zisingeweza kujenga tatu kwa mpigo.

Lakini mahitaji yalikwenda mbio kuliko mgawanyo huo. Barabara, mabwawa ya umeme, viwanda na reli vilikuwa vinapangwa kwa pamoja, na nafasi za Nairobi zilikuwa za nchi tatu. Serikali ya Tanzania ilijiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo mwaka 1980. Dar es Salaam ikaanza kujijengea vitivo vyake: udaktari mwaka 1968, kilimo huko Morogoro mwaka 1969. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa, na kila nchi ikabaki na chuo chake. Pengo kubwa lililosalia Mlimani lilikuwa uhandisi.

Ukubwa wa pengo hilo ulionekana kwenye reli ya TAZARA. Wachina walianza kuijenga mwaka 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ili reli ipate wenyeji wa kuiendesha, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea uhandisi na uendeshaji wa reli. Nchi ilikuwa inajengewa mradi mkubwa kuliko yote katika historia yake, na chuo chake kikuu hakikuwa na darasa hata moja la kumfundisha mtu wa kuutunza.

Mkono wa Bonn

Msaada wa kujenga kitivo ulitoka Ujerumani Magharibi. Kwa waliokumbuka yaliyotokea mwaka 1965, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka huo, baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Tanzania ilikubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Serikali ya Ujerumani Magharibi, yenye makao yake Bonn, ikakasirika na kuondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu alijibu kwamba Tanzania haitanunuliwa kwa misaada, akaachilia na misaada mingine ya nchi hiyo. Kwamba miaka minane baadaye nchi hizo mbili ziliketi pamoja kujenga karakana na maabara Mlimani, kunaonyesha jinsi hitaji la wahandisi lilivyokuwa zito, na kwamba Tanzania iliweza kulishughulikia bila kuinamisha kichwa.

Kitivo kilianza na fani tatu: uhandisi ujenzi, uhandisi mitambo na uhandisi umeme. Uhandisi kemikali na uchakataji ulifuata baadaye katika muongo huohuo. Masomo yalichukua miaka minne, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1977.

Likizo ya kiwandani

Kilichoipa shahada hiyo sura yake ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa vizazi vyote wanayaita PT. Wenzao wa vitivo vingine walipofunga mabegi kwenda nyumbani kwa likizo ndefu, wanafunzi wa uhandisi walielekea kazini. Mwanafunzi alianzia karakanani, akashika tupa mbele ya jiriwa, akajifunza kuchomelea na kukereza chuma. Kadiri miaka ilivyosonga, alipanda ngazi: kwanza kazi za mikono, kisha usimamizi, kisha usanifu na upangaji.

Utaratibu huo uliendana na fikra za wakati wake. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka mhitimu wa kidato cha sita apitie Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kabla ya kuomba nafasi chuo kikuu. Kwa masomo yenye hisabati nzito, miaka ya kukaa mbali na daftari ilikuwa na gharama yake, na utaratibu huo ulilegezwa baadaye. PT ilidumu, kwa sababu ilimkutanisha mwanafunzi na kazi akiwa bado na mwalimu wa kumuuliza kwa nini nguzo ile ina unene ule, au kwa nini mota ile inaungua kila baada ya miezi michache.

Jambo la pili ambalo PT ilifundisha halimo katika mtihani wowote: heshima kwa fundi. Wanaopanga nguvukazi ya uhandisi hutumia kipimo kinachojulikana sana, kwamba mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi mchundo ishirini na watano. Mhandisi mtarajiwa aliyewahi kuelekezwa na fundi mchundo namna ya kushika moto wa kuchomelea hawezi kuchora mchoro usiotekelezeka halafu akamlaumu fundi.

Marufuku ya kompyuta

Sasa turudi kwenye chombo kilichonyimwa nafasi. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Serikali ilitaka kuharakisha hesabu zake. Miaka michache baadaye mfumo mwingine ulipowekwa, hesabu za Hazina zikavurugika, gharama zikapanda, na wataalamu waliokuwa wakitegemewa walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu.

Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla baada ya mwaka 1973, na mashine zile zilikuwa zimekwishaitia nchi hasara. Lakini ugonjwa ulikuwa uhaba wa Watanzania wenye kuzielewa kompyuta, na dawa iliyotolewa iliwaweka Watanzania mbali zaidi nazo. Taifa lililoelewa kwamba mhandisi mitambo hafundishwi bila mashine lilishindwa kuona kwamba kanuni hiyohiyo inamhusu mtaalamu wa kompyuta.

Marufuku yalilegea kidogo kidogo katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoenea duniani na biashara ilipoanza kufunguliwa nchini. Kufikia hapo tulikuwa tumekwishapoteza zaidi ya muongo mmoja. Wenzetu nao walikuwa wakijipanga: Makerere ilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, licha ya machafuko yaliyoikumba Uganda.

Miaka migumu

Uhandisi nao ulipitia kipindi kizito. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na mdororo wa uchumi uliofuata vilikausha viwanda vilevile vilivyokuwa vikiwapokea wanafunzi. Vipuri vilikosekana na mashine zikasimama. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma viliuzwa au kufungwa.

Kitivo hakikukaa kikisubiri. Pembeni mwake ilifanya kazi taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, iliyoanzishwa pia kwa msaada wa Ujerumani, ikitengeneza na kujaribu mashine za viwanda vidogo. Mwaka 1990 ikaanzishwa BICO, ofisi ya kuunganisha wahadhiri na viwanda kwa kazi za ushauri. Kwa njia hiyo, mhadhiri aliyeitwa kukagua daraja au mtambo alirudi darasani na mfano wa wiki iliyopita, badala ya ule wa kitabu cha miaka thelathini nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitivo na taasisi hiyo viliunganishwa na kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, inayofahamika kama CoET.

Kompyuta zinapata nyumba

Aliyekiongoza chuo katika kipindi cha kuamka upya alikuwa mhandisi. Profesa Matthew Luhanga, mtaalamu wa mawasiliano, alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia 1991 hadi 2006. Chini yake chuo kilianza mpango mpana wa mageuzi, na teknolojia ya habari ikawekwa katikati ya mpango huo. Majengo ya Mlimani yakaunganishwa kwa mtandao, na kituo cha kompyuta cha chuo kikageuzwa kuwa kampuni mwaka 1999, ili kijiendeshe na kutoa huduma hata nje ya chuo.

Masomo yenyewe yalikua kutoka pande mbili. Sayansi ya kompyuta ilichipuka katika Kitivo cha Sayansi, jirani na hisabati. Uhandisi wa kompyuta ulichipuka kutoka uhandisi umeme. Baadaye matawi hayo mawili yaliletwa pamoja katika Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yenye kampasi yake Kijitonyama, si mbali na jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Matunda yalionekana mapema. Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta wakishirikiana na wataalamu wa Kiswahili wa chuo hichohicho na wenzao wa Sweden. Karani aliyejua Kiswahili peke yake aliweza kuandika barua na kupanga hesabu katika lugha yake. Idara hiyo ilishirikiana pia na Chuo Kikuu cha Oslo katika mifumo ya taarifa za afya, na katika miaka ya 2010 mfumo wa DHIS2 ulisambazwa nchini kote, hata takwimu za chanjo na za wajawazito zikawa zinafika wizarani kwa kompyuta. Nchi iliyoziogopa kompyuta mwaka 1974 kwa kukosa wataalamu wake ilikuwa sasa na vijana wake wanaozitengenezea programu.

Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ulikuta tayari kuna watu wa kuutumia.

Deni letu kwa wanaosoma leo

Mlimani si peke yake tena. Chuo cha ufundi Dar es Salaam, chenye mizizi ya mwaka 1957, kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kikiwa na masomo makubwa ya kompyuta, na Mbeya nako kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Wasichana, waliokuwa wachache mno katika madarasa ya mwanzo, wanaongezeka, ingawa bado hawajafika nusu.

Ongezeko hili ni la kujivunia, lakini linaibana ile nguzo iliyoishikilia shahada tangu 1973. Wanafunzi ni wengi kuliko nafasi za PT. Wapo wanaozunguka na barua za chuo ofisi hadi ofisi, na wapo wanaopokelewa kisha wakaachwa wamekaa bila kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa. Ni mpango mzuri, lakini unamsubiri kijana baada ya shahada. Mahali pa kuanzia ni mwaka wa kwanza.

Kila kampuni ya ujenzi inayopata zabuni ya fedha za umma ingepaswa kupokea wanafunzi kwa idadi inayolingana na ukubwa wa mradi, na iwe na mtu anayewajibika kuwafundisha. Benki na kampuni za simu, ambazo leo ndizo zenye mifumo mikubwa ya kompyuta, zinastahili kubeba wajibu uliobebwa zamani na viwanda vya umma. Serikali nayo inaponunua mfumo kutoka nje iweke sharti kwamba wanafunzi wetu wawepo unapofungwa, waulize, waguse. Hasara ya Hazina ilitufundisha kwamba mfumo usio na Mtanzania anayeuelewa ni mzigo, na wahitimu wa 1977 walionyesha kwamba Mtanzania akipewa chombo na mwalimu, anakielewa. Kazi yetu ni kuhakikisha kila anayeingia darasa la uhandisi au la kompyuta anavipata vyote viwili.