Kanda ya Baba Niliyoifuta

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka kuzungumzia muziki, na kosa ambalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka 11.

Nimezaliwa na kukulia Morogoro. Ukikulia Morogoro, hata kama huna sikio la muziki, lazima utasimuliwa habari za bendi mbili: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wazee wetu walibishana kwa bendi hizi kama sisi tunavyobishana kwa Simba na Yanga. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha mwaka 1973 akajitoa na kuanzisha Super Volcano. Naye akafariki kwa ajali ya gari, Januari 1979, huko Mombasa. Nyumbani kwetu habari hizi zilisimuliwa kama misiba ya ukoo.

Baba alikuwa na redio kaseti moja na boksi la viatu lililojaa kanda. Betri zikiishiwa nguvu tulizianika juani, jioni zikapata uhai wa nusu saa. Kanda ikichezea ndani, tuliichomoa na kuizungusha kwa kalamu. Nyingi hazikuwa za dukani. Baba alizirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kidole kikiwa juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji amalize kusema. Ndiyo maana utoto wangu umejaa sauti za Mlimani Park, JUWATA Jazz, Vijana Jazz, Maquis na Marijani Rajab, na katikati ya nyimbo sauti za watangazaji wakitaja salamu za watu nisiowajua.

Kusema kweli sikuupenda muziki ule. Niliona nyimbo ni ndefu mno. Mtu anaimba habari za ndoa iliyovunjika, au shemeji mchonganishi, taratibu kabisa, mpaka uje ufike kwenye chemko, pale magita yanapochanganya na miguu kuanza kazi, mtoto umeshasinzia.

Muziki wangu ulikuwa mwingine. Redio binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kuanzia miaka ya 1990. Radio One ilianza mwaka 1994. Mr. II alikuwa ameshatoa "Ni Mimi" mwaka 1995. Nilipopata akili, Bongo Flava ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Profesa Jay, Juma Nature, Lady Jaydee! Tuliandika mashairi yao nyuma ya madaftari ya hesabu na kuyakariri kuliko masomo. Kwa mara ya kwanza nikasikia redioni watu wanaoongea kama kaka zangu wa mtaani.

Basi mwaka 2002, siku moja baba hayupo, redio ikaanza kupiga Bongo Flava mfululizo. Sikuwa na kanda tupu. Nikachukua moja kwenye boksi. Ile kanda baba alikuwa ameivunja vijipembe vya juu ili isirekodiwe tena, lakini mtoto wa mjini hashindwi: nikaviziba vitundu kwa karatasi iliyokunjwa. Nikarekodi karibu upande mzima. Nilijiona bingwa.

Jioni baba akaiweka ile kanda. Akasikiliza kidogo, akazima. Hakunipiga. Hakufoka. Alitoka nje akakaa kwenye benchi mpaka giza likaingia. Mama ndiye aliyeniambia: mle ndani kulikuwa na baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mpiga gita la solo kwenye bendi ya kiwanda kimoja. Alifariki kabla sijazaliwa. Bendi yao ilirekodi RTD mara moja tu, na wimbo wao ukapigwa hewani siku chache. Baba aliunasa. Picha ya ndugu yake alikuwa nayo moja. Sauti ya mkono wake ilikuwa kwenye kanda ile, mimi nikaifuta.

Nilichukua miaka mingi kuelewa kwa nini wimbo uliopigwa kwenye redio ya taifa nakala yake iwe kwenye boksi la viatu. Leo, nikiwa mwandishi, naweza kuieleza hivi.

Bendi nyingi za enzi zile hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina nayo ikabadilika: JUWATA, halafu OTTU, mwisho Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri, kisha ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Jeshi, polisi, viwanda, wote walikuwa na bendi. Vyombo ni vya mwajiri, mwanamuziki ana mshahara. Hilo liliwapa watu kazi, lakini mwajiri akifilisika, bendi nayo basi.

Kurekodi sasa. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Ukitaka santuri unakwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa bendi nyingi mlango uliobaki ni studio ya RTD. Nyimbo zilirekodiwa kwenye mikanda mikubwa, zikatunzwa maktaba ya redio, zikapigwa hewani. Hazikugeuka santuri. Kwa hiyo mwananchi aliyetaka wimbo alikuwa na njia mbili: aunase redioni, au anunue kaseti iliyorudufiwa na mtu mwingine, ambayo mwanamuziki hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA imekuja mwaka 1999. Wengi walikuwa wameshakufa. Marijani Rajab, jabali la muziki, alifariki mwaka 1995.

Kwa hiyo baba na boksi lake hakuwa mzee mwenye mapenzi ya ajabu na takataka. Alikuwa maktaba. Na nchi nzima ilikuwa na maktaba kama hizo, chini ya vitanda na juu ya makabati.

Nilirudi kwenye muziki wa dansi nikiwa chuo, kwa aibu kwanza, kisha kwa mapenzi. Nikagundua kuwa Profesa Jay anayesimulia shida za mtaani na Remmy Ongala aliyemwimba mnyonge ni mto mmoja. Nikaanza kusubiri chemko badala ya kulikimbia. Muhiddin Gurumo alipofariki Aprili 2014 niliona wazee wakilia, nami nikalia, mtoto wa Bongo Flava!

Ile kanda ninayo mpaka leo. Bongo Flava yangu iliisha kabla ya upande kuisha, hivyo mwishoni kabisa zimebaki sekunde chache za zamani: gita la solo linapanda, halafu kanda inakatika. Nimeziingiza kwenye kompyuta. Mwaka jana nilimwekea baba kwenye simu. Akasikiliza mara tatu. Akasema, "Hapo alikuwa anaanza tu." Halafu akaniomba nimwekee na zile nyimbo zangu za 2002, akasikiliza zote. Akasema vijana wale walikuwa na maneno.

Wimbo mzima bado nautafuta. Kama nyumbani kwenu kuna boksi la kanda, msomaji wangu, usilitupe na usirekodi juu yake. Kaa na mzee wako, mwulize kila sauti ni ya nani, andika, kisha hamishia kwenye kompyuta kabla ukungu haujamaliza kazi. Huenda mle ndani yumo baba mdogo wa mtu. Huenda yumo wangu.