Majimaji ya mkonge na dawa ya umio

Haya wadau, leo habari za testi na bumu naziweka kando, nataka kuongelea mkonge. Ndiyo, hii mikatani iliyopandwa kama wigo huku Usukumani.

Sekondari tulikaririshwa: Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, halafu Tanga, manamba, kamba na magunia. Basi! Wakati nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Mengine yote ni maji na makapi.

Sasa sikia. Mwaka 1948, pale Mayo Clinic, Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma sindano za kotisoni mama aliyelemazwa na baridi yabisi. Siku chache tu, akatembea. Kila mtu akaitaka. Tatizo ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, tena kwa hatua zaidi ya 30. Hata mifugo yote ya Wasukuma isingetosha, hehe. Waingereza wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley wakaandika kwamba majimaji ya mkonge yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaishika hiyo njia, malighafi ikitoka mikonge ya Afrika Mashariki, na humo ikapatikana betamethasoni. Miaka ya 1960 ikawa krimu ya ngozi. Ndiyo, ukoo ule ule wa krimu ambazo watu wanajichubulia, jamani!

Wazo la krimu lilikuwa kuweka dawa palepale penye ugonjwa, isizunguke mwili mzima. Mwaka 1972 wazo hilo likaingia kwenye dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo.

Mwaka 1993 Stephen Attwood na wenzake wakaeleza ugonjwa wa watu wazima ambao nyama au ugali unawakwama kifuani. Siyo saratani, siyo kiungulia. Ni umio umevimba kwa chembe za damu za mzio. Mwaka 1998 madaktari, tena wa Mayo Clinic, wakaripoti watoto wanne waliopewa ile dawa ya pumu, ila badala ya kuivuta waliimeza. Wakapata nafuu. Watu wazima nao wakafuata, unapuliza mdomoni, unameza, halafu huli wala hunywi kwa nusu saa. Kidonge kilichotengenezwa rasmi kwa ajili yao kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2018.

Huku kwetu chakula kikikwama, hofu ya kwanza ni saratani ya umio, na sawa kabisa, ipo. Ila bila kuingiza kamera kooni na kukata kinyama kidogo cha kupima, huwezi kutofautisha. Kwa hiyo mwenye ugonjwa unaotibika kwa kumeza steroidi anaweza kukaa na woga miaka.

Kinachoniuma kama mwalimu mtarajiwa ni manamba. Waliokata yale majani hawatajwi popote kwenye historia ya hizi dawa. Kama una babu aliyefanya kazi mashambani miaka ile, muulize kama aliwahi kuona majimaji yakikusanywa badala ya kumwagwa, halafu uniambie.