Madaraja ya wachangiaji wa michezo ya kompyuta: Nani anastahili nini?

MCHEZO wa kompyuta huweza kuchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuwa tayari kuuzwa, na muda huo wote wanaoutengeneza hula, hulipa kodi ya nyumba na kununua vifaa. Kampuni kubwa hugharimia kazi hiyo zenyewe. Watengenezaji huru, ambao aghalabu ni watu wachache tu, huwaendea wachezaji na kuwaomba wachange mapema.

Mtindo huo ulipata nguvu kupitia Kickstarter, tovuti ya Marekani iliyoanzishwa 2009. Mapema 2012, kampuni ya Double Fine ya San Francisco iliomba dola 400,000 katika tovuti hiyo ikapata zaidi ya dola milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000.

Katika harambee ya kujenga zahanati, aliyetoa shilingi mia na aliyetoa laki hutibiwa kwenye foleni moja. Michango ya michezo haiko hivyo. Hupangwa kwa madaraja: wa chini huahidiwa mchezo ukikamilika, wa kati huongezewa muziki na kitabu cha michoro, naye wa juu huruhusiwa kucheza toleo la majaribio kabla ya wengine. Hakuna kati yao anayepata hisa. Hata mwenye kutoa maelfu ya dola hana kura katika kampuni wala mgao wa faida. Kinachobaki mkononi mwake ni ahadi, na ndiyo sababu mpangilio wa ahadi hizo huzua ugomvi mkubwa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa makini ni Planetary Annihilation wa kampuni ya Uber Entertainment, uliochangiwa zaidi ya dola milioni 2.2 mwaka wa 2012. Aliyetoa dola 20 aliahidiwa mchezo kamili, ilhali toleo la majaribio la mwanzo lilitengewa waliotoa dola 90 au zaidi. Juni 2013 toleo hilo liliwekwa katika Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa takriban dola 90. Wanunuzi wapya walighadhabika, kwa kuwa michezo iliyokamilika ya kampuni kubwa ilikuwa ikiuzwa karibu dola 60.

Kampuni ilijitetea kuwa kuuza kwa bei nafuu kungewapunja wachangiaji wa awali waliolipa kiasi hicho. Utetezi huo ulikuwa na uzito, maana ahadi ni deni. Hata hivyo, kosa lilikuwa limefanyika tangu madaraja yalipopangwa. Mchezaji wa toleo la majaribio hukumbana na hitilafu tele na kuziripoti. Kwa hakika hiyo ni kazi, na hapa mfanyakazi ndiye aliyekuwa akilipa.

Markus Persson wa Uswidi alifuata njia iliyo kinyume alipoanza kuuza Minecraft mwaka wa 2009 ukiwa haujakamilika. Bei yake ilikuwa takriban euro 10, ikapanda hadi karibu euro 15 Desemba 2010, na kufikia euro 20 hivi mchezo ulipokamilika Novemba 2011. Isitoshe, walionunua kabla ya Desemba 2010 waliahidiwa matoleo yote ya baadaye bila malipo. Aliyejitosa wakati wa hatari alilipa kidogo. Aliyesubiri alilipa zaidi, lakini naye alinunua kitu anachokiona.

Mgogoro huwa mkali zaidi daraja la mchangiaji linapomfuata hadi uwanjani. Star Citizen, mchezo wa vita na biashara angani ulioanza kuchangisha 2012 chini ya Chris Roberts, huuza vyombo vya angani ambavyo wachezaji hutumia kukabiliana. Mwaka wa 2018 uliuza mkusanyiko wa vyombo hivyo kwa dola 27,000, nao ulionyeshwa tu kwa waliokuwa wametumia angalau dola 1,000. Watengenezaji husema chombo chochote chaweza kupatikana kwa kucheza tu. Jibu hilo halimridhishi aliyelipa takriban dola 45, ambaye huanza safari akiwa na kidau huku jirani yake akiwa na manowari. Mchezo uliotarajiwa 2014 ulikuwa bado katika majaribio mwisho wa 2024, michango ikiwa imepita dola milioni 700.

Ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, hawakuuza nafasi yoyote. Walianza kutoa Dwarf Fortress bure 2006 wakaishi kwa michango ya hiari. Aliyechangia aliweza kupata mchoro wa kreyoni au hadithi fupi iliyoandikwa kwa ajili yake, na ndani ya mchezo hakuongezewa chochote. Desemba 2022 walianza kuuza toleo lenye picha nzuri zaidi. Lile la bure halikuondolewa.