Moto Usio na Kiberiti

Ukipata kuamka mapema mwezi wa Julai huko Thika au Ruiru, msomaji, utaona ukungu umetanda juu ya mibuni na nyasi zimelowa umande. Hata kabla jogoo hajamaliza kuwika, huenda ukasikia sauti nyingine: injini ya lori ikikoroma, ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikakoroma tena, safari hii kwa unyonge zaidi. Dereva ashuka. Taniboi aita watu waje wasukume. Lori hilo lilikuwa lipeleke mawe ya Ndarugu mjini Nairobi, au mananasi kiwandani, na kila dakika ipitayo ni hasara. "Ni baridi," asema dereva. Je, ni baridi kweli? Ili tupate kulijibu swali hilo, yatupasa kwanza tujue habari za injini ya dizeli na siri ya moto wake.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mara kadhaa kwa nguvu. Gusa upande wa chini wa pampu hiyo: utaona imepata joto. Hukuwasha kiberiti, wala hukuiweka juani. Hewa ikibanwa kwa ghafula hupata joto, na kadiri ibanwavyo zaidi ndivyo joto lizidivyo. Jambo hili dogo ndilo msingi wa injini nzima.

Mtu aliyelitumia jambo hilo alikuwa Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858, na wazazi wake walikuwa Wajerumani. Alisoma Munich, na mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Alipomaliza masomo alirudi Paris kufanya kazi katika shughuli za barafu za mwalimu wake. Tazama ajabu hiyo: mtu aliyeanza kazi kwa barafu ndiye aliyekuja kuleta injini inayoishi kwa joto! Mwaka 1892 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake. Jaribio la mwaka 1893 huko Augsburg lilileta mlipuko uliokaribia kumwua. Lakini hakukata tamaa, na mwaka 1897 injini yake ilifaulu mbele ya mashahidi.

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche, na cheche huwasha mafuta. Katika injini ya Diesel hakuna cheche. Pistoni huibana hewa hata ikakaa katika nafasi iliyo kama sehemu moja ya kumi na sita ya nafasi yake ya kwanza, au ndogo zaidi. Joto la hewa hiyo hupita digrii 500. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo joto ndilo kiberiti. Joto lisipotosha, mafuta hayawaki; na hapo ndipo ulipoanza ugomvi kati ya dizeli na baridi.

Diesel hakuyaona malori ya dizeli yakienea. Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, alitoweka katika meli iliyokuwa ikimpeleka Uingereza. Mwaka huo huo reli kutoka Nairobi ilifika Thika. Hapana shaka waliotandika mataruma yale hawakujua kwamba uvumbuzi wa mtu yule ungekuja kushindana na reli yao. Injini za dizeli za wakati ule zilikuwa kubwa mno, zikifaa viwanda na meli tu. Ilipofika miaka ya 1923 na 1924, makampuni ya Ujerumani yalianza kuzitia katika malori. Na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kunyunyizia mafuta. Tangu hapo lori la dizeli likaenea duniani. Mwaka 1974 kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa Thika kwenyewe, ili kuunganisha magari; baadaye kampuni hiyo ilipewa jina la Kenya Vehicle Manufacturers.

Sasa na tuitazame baridi yenyewe. Katika nchi za kaskazini maji huganda njiani, na dizeli nayo hufanya chembe za nta zinazoziba chujio. Mwishoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Moscow, baridi ilishuka chini ya digrii 30 chini ya sifuri. Oili iliganda, betri zikafa, na madereva wakawasha moto chini ya injini zao ili zipate kuamka. Wengine waliacha injini zikinguruma usiku kucha, wakateketeza mafuta waliyoyahitaji kwa safari. Siku hizi, huko Kanada na Sweden, wenye magari huweka hita ya umeme katika injini, wakaiunganisha na umeme wa nyumbani usiku, hata asubuhi injini ikawa na uvuguvugu.

Linganisha hayo na Thika. Alfajiri ya Julai baridi yetu ni ya digrii 12 au 13 hivi. Dizeli haiwezi kuganda kwa baridi hiyo. Mbona basi lori linakataa? Jibu liko katika mambo matatu. Kwanza, Thika na Ruiru ziko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na hewa ya huku ina uzito pungufu kuliko ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini hupata hewa kidogo ya kubana. Pili, pete za pistoni zilizochakaa huvujisha hewa kabla haijapata joto. Tatu, betri dhaifu huizungusha injini polepole, na oili iliyokuwa nzito kwa baridi huongeza mzigo. Injini nzima hushinda mambo hayo. Injini iliyopuuzwa hushindwa. Kwa hiyo baridi yetu si adui wa lori, bali ni shahidi wake. Hutoa siri ambayo jua la mchana lilikuwa likiificha.

Kutoelewa hayo kwaweza kuleta msiba. Wako watu wanaodhani kwamba dawa ya baridi ni moto, basi huwasha moto chini ya injini yenye mafuta yanayodondoka, au hulala ndani ya lori na jiko la makaa ili wapate joto. Msomaji, likumbuke neno hili hata ukisahau mengine yote: makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mahali palipofungwa, hewa hiyo humwua mtu usingizini bila ya yeye kujua.

Dawa ya kweli ni ya subira. Betri ichajiwe vyema na ncha zake zisafishwe. Oili ibadilishwe kwa wakati, iwe ya uzito uliowekwa na watengenezaji. Maji yaliyokusanyika katika chujio la dizeli yamwagwe. Injini ikiwa na plagi za kupasha joto, dereva angoje taa yake izimike kabla ya kuwasha; haraka haraka haina baraka. Na pete zikichakaa zitengenezwe mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, alfajiri nyingine ukilisikia lori likikohoa katika ukungu wa Ruiru, nenda ukasaidie kusukuma, kwani huo ndio ujirani mwema. Lakini likisha kunguruma, mwulize dereva kwa adabu: "Mzee, betri hii ilipimwa lini?" Huenda swali hilo likamfaa kuliko mikono yetu sote.