Kupima damu kujua hatari ya moyo: mwongozo kwa wakaazi wa Eastlands

Jamaa zetu wengi wa pwani wamefanya makao Eastlands, Nairobi: Majengo ya Pumwani, Eastleigh, Buruburu, Umoja hadi Kayole. Mitaani humo utaona vibao vya maabara vikitangaza vipimo vya moyo. Kabla hujatoa pesa yako, fahamu kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kukuhakikishia kuwa moyo wako ni mzima.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni hivi:

Kolesteroli. Haya ni mafuta yanayosafiri na damu. LDL ikizidi hujenga utando ndani ya mishipa. HDL huhesabiwa kuwa nzuri. Trigliseridi hupanda kwa sukari, pombe na unene. Kwa mtu asiye na maradhi, jumla ya kolesteroli ikiwa chini ya 5.2 na LDL chini ya 3 ni vyema. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo hutakiwa LDL yake iwe chini ya 1.8.

Sukari. Ukipimwa hujala ukapata 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikaonyesha vivyo hivyo, hicho ni kisukari. HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita; 6.5 kwa mia na zaidi ni kisukari. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie daktari, kwani kwake HbA1c yaweza kupotosha.

Kreatinini. Huonyesha kazi ya figo. Figo mbovu huzidisha hatari ya moyo.

Kwa sukari ya kufunga usile kwa saa 8 angalau, maji unaruhusiwa. Kolesteroli yaweza kupimwa hata umekula, ila trigliseridi huwa juu baada ya mlo. Pia angalia kizio: majibu ya jamaa aliye Marekani huandikwa kwa miligramu. Kolesteroli yake ya 200 ni sawa na 5.2 yetu, kwa hivyo msilinganishe namba vivi hivi.

Sasa, majibu husomwaje? Chukua watu wawili wenye kolesteroli 5.5. Mmoja ana miaka 42, havuti sigara, presha yake ni 120. Wa pili ana miaka 63, anavuta, presha 165. Karatasi zao za maabara zafanana, lakini wa pili yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya mwaka 2019 zinazounganisha umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Ipo pia chati isiyohitaji damu kabisa. Hutumia uzito na urefu badala yake.

Kwa hivyo mwenye pesa kidogo aanze na presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Huko huko Eastlands, Korogocho na Viwandani, watafiti wa APHRC wamefuatilia afya ya wakaazi tangu mapema miaka ya 2000, na maradhi ya moyo, presha na sukari ni miongoni mwa waliyoyachunguza. Yeyote asidhani haya ni maradhi ya matajiri.

Akishajua hatari yako, daktari ataamua kama chakula na mazoezi yatatosha au utahitaji dawa. Tui zito na vya kukaanga vipunguzwe, chumvi pia, na sigara iachwe. Dawa ya presha usiikatize kwa sababu wajisikia vizuri.

Mwisho, vipimo hivi ni vya mtu asiye na dalili. Mwenye maumivu ya kubana kifuani, jasho la baridi au pumzi kukata asipelekwe kupima kolesteroli. Akimbizwe hospitali kubwa, kama Mama Lucy Kibaki, apimwe umeme wa moyo na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Hapo kila dakika ina thamani.